Nuru Niliyoiacha Ukingoni mwa Jua

Mena,

Mambo ya safari mama yako amekwisha kuyamaliza. Nauli, chakula cha njiani, mahali pa kulala Songea kama basi litachelewa, nani wa kumpigia simu ukifika: nimemsikia akikuambia tangu asubuhi, nami sina la kuongeza. Sasa mmekwenda kuaga majirani, na mimi nimebaki mezani na karatasi. Nakuandikia kwa sababu kila nilipojaribu kukueleza jambo hili kwa mdomo nilijikuta nalitengeneza kama taarifa ya habari: mwanzo wa kuvutia, katikati fupi, na mwisho usiomgusa mtu. Kwa kalamu labda nitashindwa kutoroka.

Jana jirani yetu alikuuliza unakwenda kusomea nini huko Dar es Salaam, ukamjibu, "Hesabu, mama." Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nafunga kamba sanduku lako. Unakwenda kusomea fizikia. Mimi ndiye niliyekaa nawe siku ulipojaza maombi, na ulijaza hilo mwanzo kabla ya mengine yote. Hukumdanganya yule mama kwa hila. Ulificha, kwa sababu katika ukoo wetu habari za wewe na jua zilichafuka, na aliyezichafua ni mimi.

Nitaanza na siku ile ya Kihagara, kijijini kwa babu yako mzaa mama. Mwanzo wake unaujua, kwa kuwa ulikuwapo. Usichokijua ni kile nilichokuwa nacho kichwani.

Ilikuwa likizo ya mwaka jana, ulipomaliza kidato cha tano. Mwalimu wako alikuwa amekuazima darubini ndogo ya shule, nawe ukaibeba hadi kwa babu yako ziwani, umeizungushia kitenge kama mtoto mchanga. Uliifunga juu ya kigoda, ukaielekeza kwenye jua, na nyuma yake ukasimamisha ubao uliobandikwa karatasi nyeupe. Nilipoinama nichungulie, ulinivuta shati.

"Usiweke jicho, baba! Utapofuka."

"Sasa darubini ya nini kama haitazamwi?"

"Tunatazama karatasi."

Kina mama waliokuwa wanageuza dagaa wa usipa kwenye vichanja walikuja kuona. Mmoja wao, yule mwenye sauti kubwa, alikutania, "Mwalimu, jua umelishusha kwenye karatasi, sasa samaki wetu wakauke na nini?"

"Nimekuachia lingine, mama," ukamjibu. "Liko palepale juu."

Walicheka sana. Nami nilicheka, na nilijivunia. Naliandika hili kwa sababu aibu niliyo nayo haikutokana na kukudharau. Ingekuwa hivyo, ingekuwa rahisi zaidi kuieleza.

Kwenye karatasi kulikuwa na duara la mwanga, ukubwa wa kisahani, na ndani yake madoa meusi, mawili yakiwa makubwa kuliko mengine. Macho yangu yalikwenda hapo na kubaki hapo. Ukaniambia, "Hayo kila mtu anayaona. Sogea huku ukingoni." Nikasogea. Karibu na pindo la duara, mahali ambapo mwanga wa jua unafifia kidogo, kulikuwa na mikwaruzo midogo iliyong'aa kuliko sehemu nyingine, kama chumvi iliyomwagika kidogo ikasambaa. Nilitumia muda kuiona. Nilipoiona, sikuweza tena kutoiona.

Nilikuuliza ni nini. Ukasema ni sumaku.

"Sumaku inawashaje kitu?"

Ulinieleza taratibu, na mimi kwa mazoea ya kazi nilikuwa narudia kila sentensi kimoyomoyo ili niikumbuke. Ulisema uso wa jua unachemka kama sufuria ya uji. Kinachopanda katikati kinasambaa, kinapoa, kinazama pembeni. Nguvu ya sumaku iliyomo inasukumwa na mchemko huo hadi kwenye maungio, kama povu linavyosukumwa, na huko inajikusanya. Pale ilipojikusanya, inaisukuma gesi kando, na gesi ikipungua uso wa jua hubonyea.

"Unazikumbuka ngolo za shangazi?" ukaniuliza.

Nani angezisahau? Nimezaliwa katikati ya yale mashimo ambayo sisi Wamatengo tunayachimba kwenye miteremko, safu juu ya safu, ili mvua isiuchukue udongo.

"Ukisimama juu ya shimo ukatazama chini, unaona sakafu yake. Ukisimama ng'ambo ya bonde, unaona nini?"

"Naona ukuta wa shimo. Ule wa upande wa juu."

"Basi ndiyo hivyo. Katikati ya jua tunatazama mashimo kutoka juu. Ukingoni tunayatazama kwa upande, na tunaona kuta. Kuta ndizo zenye moto, kwa sababu zinatuonyesha jua la ndani zaidi."

Nikakuuliza kwa nini basi yale makubwa ni meusi, kama nayo ni mashimo ya sumaku. Hilo lilikuwa swali zuri, na nakumbuka ulitabasamu. Ulisema shimo dogo linapashwa moto na kuta zake, kwa kuwa ziko karibu. Shimo kubwa kuta zake ziko mbali, na sumaku iliyojaa humo inazuia mchemko kuleta moto kutoka chini, kwa hiyo linapoa. Hata hivyo bado ni moto kuliko tanuri lolote tunalolijua. Linaonekana jeusi kwa sababu tu limezungukwa na kinachong'aa zaidi. Kisha ukasema neno ambalo ndilo chanzo cha barua hii. Ulisema watu hudhani madoa meusi yakiwa mengi jua linafifia. Kumbe yakiongezeka, na hivi vidogo vya kung'aa vinaongezeka, na ukijumlisha vyote vidogo vinashinda. Jua lenye madoa mengi linang'aa zaidi kidogo.

"Kidogo kiasi gani? Kahawa itakauka mapema?"

"Baba! Kahawa haitajua lolote."

Nilielewa, Mena. Nataka uliweke hilo mbele ya mengine yote. Mama yako amesema mara nyingi kwamba labda sikukusikia vizuri, na mimi nimemwacha aseme. Nilikusikia vizuri, nikaelewa kila neno.

Jioni ileile mhariri wangu wa redio alinipigia simu. Taarifa ya asubuhi ilikuwa haina kitu: kikao kimeahirishwa, kiongozi aliyetarajiwa hakufika. Akaniuliza, "Mzee, huko ziwani hakuna chochote?" Nikasema kipo. Nikakaa kwenye ukuta wa nyumba ya babu yako, nikaandika kwamba jua limeonekana kuwa na vidonda vyeusi. Nikaandika kwamba nguvu yake inapungua. Nilipofika mwisho niliona haina mkulima, na habari ya Mbinga isiyo na mkulima hakuna anayeisikiliza hadi mwisho. Nikaongeza kwamba wataalamu wanawashauri wakulima wawe na tahadhari na mazao waliyoanika.

Hao wataalamu hawakuwapo. Katika habari ile nzima kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua jambo, naye alikuwa ndani anaosha vyombo na bibi yake.

Vile vidogo vya ukingoni sikuvitaja. Nilifikiria kuvitaja, nikaona mwanga ndani ya mwanga si habari. Doa jeusi ni habari. Kazi hii nimeifanya tangu kabla hujazaliwa, na hivyo ndivyo nilivyoifanya: nilikwenda haraka palipo na weusi, nikarudi kabla ya kuona palipobaki. Siilalamikii kazi. Wapo wanaoifanya vizuri kuliko mimi.

Asubuhi ulisikia redioni sauti niliyoituma kwa simu, tukiwa tunakunywa chai. Uliweka kikombe chini.

"Baba, nani kasema hivyo?"

"Ni lugha ya redio tu."

"Lakini si kweli."

"Mama, hakuna atakayedhurika na habari ya jua."

Kwa Kihagara nilikuwa sahihi. Kina mama wa usipa walisikia habari ile wakiwa vichanjani, na yule mwenye sauti alinipungia mkono kwa mbali: "Mwandishi! Hilo jua la redioni mliweke hukohuko redioni, hili la kwetu linachoma!" Waliendelea kugeuza samaki. Walikuwa wameliona jua lenyewe kwenye karatasi, na walikuwa hawana undugu na mimi.

Shangazi Kolumba alikuwa na undugu na mimi. Ndiyo sababu aliamini.

Wewe unamjua dada yangu. Matiri yote inajua kahawa yake: anaichuma ikiwa nyekundu tu, anaimenya siku hiyohiyo, anaiosha hadi maji yanatoka meupe, kisha anakaa nayo mezani akiigeuza kwa mikono na kutoa mbovu moja moja kama mtu anayechambua mchele wa mgeni. Asubuhi ile alikuwa na meza zake zimejaa, kahawa haijafika hata nusu ya kukauka, na ukungu wa kipupwe ulikuwa umeliziba jua. Akasikia sauti ya mdogo wake ikisema jua ni bovu na wataalamu wanatahadharisha. Akatazama juu, akaona kweli halionekani vizuri. Akaita watoto, wakaizoa kahawa mbichi yote, wakaijaza magunia, wakaipanga chumba cha ndani, akafunga mlango. Alisubiri sauti ileile imwambie kwamba jua limepona.

Mimi sikusema tena lolote kuhusu jua. Nilikuwa nimehamia habari nyingine.

Alipofungua magunia, kahawa ilikuwa imepata joto na kuvunda. Aliianika upya, akaipeleka kwenye chama cha ushirika. Mpokeaji alitia mkono guniani, akanusa, akamtazama. Alimwambia kwa adabu, "Mama Kolumba, hii leo siwezi kuipokea." Dada yangu hajawahi kuambiwa hivyo maishani mwake, na aliambiwa mbele ya foleni nzima.

Ndipo tukaenda Matiri, wewe na mimi. Nilikuambia tunakwenda kumpa pole.

Uwanja wa shangazi yako ulikuwa na majirani, na mezani ilikuwa imebaki kahawa iliyokataliwa, harufu yake inatufikia pale tulipokaa. Ulisema shikamoo kwa wote, mmoja mmoja. Shangazi aliitikia, akakumiminia chai, kisha akasema, wala si kwa ukali:

"Mena, nasikia wewe ndiye uliyekuwa na kile chombo cha kutazamia jua kule ziwani. Ni wewe uliyemwambia baba yako kwamba jua linaumwa?"

"Hapana, shangazi. Sikusema hivyo."

"Basi nani kamwambia?"

Mzee mmoja akaingilia, "Hawa wasomi wetu! Wanalichokoa jua kwa vioo, halafu likikasirika ni sisi tunaoanika." Wengine wakacheka.

Ulinitazama. Hukunitazama kwa hasira. Ulinitazama kama unavyomtazama mtu aliyebeba ufunguo, ukingoja autoe mfukoni. Sentensi moja ilitosha: dada, ni mimi, mtoto hakusema. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikawaza kwamba hawa watu wote husikiliza redio. Nikawaza kwamba kesho nitahitaji mmoja wao aniambie jambo na aniamini. Nikacheka pamoja nao, nikasema, "Ah, watoto wa siku hizi wanasoma mambo makubwa. Mengine hata sisi hatuyaelewi."

Wewe ukashusha kikombe, ukapiga goti, ukasema, "Nisamehe, shangazi."

Uliniombea msamaha mimi, na mimi nikanywa chai.

Nimewahi kusimama kwenye maporomoko ya udongo nikihesabu nyumba zilizofukiwa, nikatuma habari palepale. Nimeongea na watu siku waliyozika, nikapata majina yao yote bila kukosea. Watu husema mimi sishtuki. Siku ile nami sikushtuka. Hicho ndicho kinachonitia aibu zaidi nikikumbuka: chai ilikuwa na tangawizi, na niliifurahia.

Tuliporudi Mbinga uliirudisha darubini shuleni kabla likizo haijaisha. Nilikuuliza kwa nini mapema, ukasema mwalimu anaihitaji. Sikumpigia mwalimu kuhakikisha. Mwandishi mzima, nikaacha kuhakikisha, kwa sababu nililijua jibu. Tangu hapo umeniambia mambo mengi, ya shule, ya marafiki, hata ya yule kijana aliyekuandikia. Kuhusu jua hujaniambia neno. Na sijakulaumu. Ningekuwa wewe, nisingemwambia mtu kama mimi hata saa ni ngapi.

Nimejifunza nini? Ningependa kukupa kitu safi, lakini nilichonacho ni hiki tu. Uwongo wangu ulikuwa mdogo na ungeweza kufutwa siku ileile kwa dakika moja ya redio. Kilichoufanya uwe mkubwa ni kwamba kila siku iliyopita nilikuwa na sababu nzuri ya kungoja: msimu uishe, dada apoe, wewe umalize mitihani. Sababu zangu zote zilikuwa za kweli. Usimwamini sana mtu mwenye sababu nyingi za kweli, hata akiwa ni baba yako, hata akiwa ni wewe mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda Matiri peke yangu. Mama yako alidhani nimekwenda kazini. Nilimkuta shangazi yako anapalilia maharage, nikamwambia hapohapo shambani, nimesimama kwenye tuta, kabla hajanikaribisha. Nilimwambia yote: ulichosema wewe, nilichoandika mimi, na wataalamu ambao hawakuwapo.

Alichomeka jembe ardhini.

"Yaani mwaka mzima mimi namsema mtoto kwenye jumuiya?"

"Ndiyo, dada."

"Nimemwombea rozari, wewe! Nimemwombea Mungu amtoe mambo ya jua kichwani! Na kumbe kichwa kibovu ni hiki hapa mbele yangu!"

"Ndiyo, dada."

"Usiniitikie ndiyo, dada. Mtoto alipiga goti, wewe umekaa. Nilikuona. Nilijiuliza huyu mbona anakunywa chai kama yuko harusini."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema kahawa atanisamehe, kahawa huzaa tena. Jambo la pili si lake kulisamehe. Kisha akafikiri kidogo, akasema, "Mimi nilidanganywa kwa redio. Mtoto kachafuliwa kwa redio. Huku shambani umeniambia mimi na maharage. Nenda kaseme kulekule." Alipoondoa jembe ardhini aliuliza, kwa sauti ya chini, kama angeweza kuviona hivyo vidogo vya kung'aa, na kama ni kweli vinafanana na ngolo. Nilimwambia sijui kueleza kama wewe.

Juzi nilimwomba mhariri nafasi. Alicheka. "Mzee, habari ya mwaka jana? Hiyo si habari tena, ni historia. Nani anaikumbuka?" Nikamwambia wanaikumbuka watu wawili, nao wananitosha. Alinitazama, akaacha kucheka, akanipa mwisho wa taarifa ya kesho, saa moja asubuhi. Wakati huo basi lako litakuwa limekwisha kutoka stendi.

Hiki ndicho nilichokiandika:

"Mwaka jana, msimu wa kahawa, nilieleza katika taarifa hii kwamba jua lina vidonda, kwamba nguvu yake inapungua, na kwamba wataalamu wanawashauri wakulima wawe na tahadhari na mazao waliyoanika. Hakukuwa na mtaalamu yeyote aliyesema hivyo. Aliyenieleza habari za jua ni binti yangu Filomena, na yeye aliniambia kinyume chake. Aliniambia kwamba madoa meusi huja pamoja na vidoa vidogo vyenye kung'aa zaidi, vyote vikitokana na nguvu ya sumaku. Kwamba vidogo hivyo vikijumlishwa vinashinda vyeusi. Na kwamba jua la namna hiyo hung'aa zaidi kwa kiasi kidogo ambacho zao lililoanikwa haliwezi kukihisi. Nilielewa, nikaandika tofauti. Mkulima mmoja aliniamini akapoteza kahawa yake. Lawama akapewa binti yangu, mbele yangu, nami nikanyamaza. Kosa lilikuwa langu peke yangu."

Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumpa mtu habari inayomhusu aisome kabla haijatangazwa. Ni kanuni, na nimeitetea mbele ya wakubwa. Leo naivunja. Nakala ya kusoma hewani iko chini ya barua hii, na kalamu iko juu yake. Kama nimekosea habari ya sumaku, sahihisha. Kama hutaki jina lako litajwe, likate. Kama kuna neno ambalo bado linanipendelea, na huenda lipo, maana mimi silioni, lifute. Usipogusa chochote nitaisoma kama ilivyo. Sikuachii kazi ya kuamua kama nastahili kuisoma. Nakuachia maneno tu, kwa sababu mara ya kwanza nilikunyang'anya.

Nitakusindikiza stendi, nitapakia sanduku, na sitakuuliza umeandika nini. Nitaifungua karatasi mbele ya kipaza sauti, nisome ulichokiacha.

Baba